Herufi za Matatu Zisiandikwe Kwenye Tangi la Maji

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Bila kuzunguka mbuyu, nataka kuzungumzia jambo lililotugawa katika mkutano wa mwisho wa Chama cha Kiswahili, na ambalo mpaka ninapoandika makala haya halijaamuliwa. Nyinyi ambao si wanachama labda mlisikia kelele zetu mkadhani tunagombania vyeo. La hasha. Tulikuwa tunagombania herufi.

Jambo lenyewe ni hili. Usimamizi wa shule umekubali ombi letu la siku nyingi kwamba vibao vyote vya shule viandikwe kwa Kiswahili. Tumepewa mikebe minne ya rangi, brashi, na orodha ya vibao 14: lango kuu, maktaba, maabara, bwalo, matangi mawili ya maji, ile swichi kubwa ya umeme nyuma ya jikoni, na kadhalika, mpaka basi la shule. Furaha iliyoje! Lakini mara tu mwenyekiti alipouliza, "Haya, tuandike kwa herufi gani?" mkutano ulilipuka. Zaidi ya nusu ya wanachama walisimama kutaka herufi za matatu, tena kwa vibao vyote 14.

Kwa asiyejua, herufi za matatu si herufi tatu. Ni jina tulilozipa hapa shuleni zile herufi nene, zilizolala kuelekea kulia kama mtu anayekimbia akikata upepo, zisizo na mviringo hata mmoja. O yake ni kisanduku kilichokatwa pembe. S yake ni radi. A aghalabu imepokonywa kile kijiti chake cha katikati, ikabaki kama paa la nyumba. Walimu wetu huziita herufi zilizolala herufi za mlazo, au italiki, na zilizo nene huziita herufi koza. Basi changanya mlazo, ukoza na pembe kali katika chungu kimoja, upakue kile tunachokiona kila siku kwenye stegi ya Kisii: kwenye magari, kwenye jezi za kandanda, kwenye viatu vya michezo, na kwenye mabango ya disko yanayobandikwa juu ya mabango ya wahubiri.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache waliosema hapana. Nilipewa dakika mbili za kujieleza, na moja ikaishia kwenye vicheko. Ndiyo maana nimemwomba mhariri nafasi hii.

Kabla hamjaniita adui wa maendeleo, niseme wazi kwamba herufi hizi nazipenda. Tena nazipenda kwa sababu najua zinavyotengenezwa. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuandika mabango karibu na soko la Daraja Mbili, kabla mashine za kuprinti mabango hazijamnyang'anya wateja. Yeye ndiye aliyenionyesha. Fundi huchukua uzi uliopakwa chaki, akauvuta ukutani na kuuachilia, pap! mstari ukajichora. Hupiga mistari miwili, wa juu na wa chini. Kisha hukata kigongo kimoja cha mbao kwa mlazo anaoutaka, na kila herufi huiegemeza kwenye kigongo hicho ili zote zilale sawasawa. Baada ya hapo ni utepe wa karatasi na brashi bapa. Mahali pa mviringo hukata pembe, kwa sababu utepe haupindi. Herufi ya mviringo kamili, mathalani O ya kitabuni, humtaka fundi asitetemeke mkono hata kidogo, lakini O ya pembe hata mwanagenzi wa wiki mbili huiweza. Stika nazo ni vivyo hivyo. Ukikata stika kwa wembe, mstari ulionyooka hutoka safi, ilhali mviringo huacha meno-meno, na hapo ndipo vumbi na maji ya kuoshea gari huanza kubandua.

Kwa hivyo wanaosema kwamba herufi hizi ni ushamba wa vijana wa Nairobi wanakosea. Nenda Tabaka ukatazame wachongaji wa mawe ya sabuni. Sahani ikishang'arishwa na kutiwa rangi, mchongaji huchora kwa ncha kali akikwaruza rangi mpaka weupe wa jiwe ujitokeze, na akiandikiwa jina la mteja kwenye karatasi hulikwaruza kwa mistari iliyonyooka. Kisu na jiwe havipendi mviringo. Mkono wa Mgusii umekuwa ukikata pembe tangu kabla ya matatu ya kwanza kuwika kwenye barabara zetu.

Na hayo matatu yenyewe yana historia na herufi hizi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yabebe abiria bila leseni za uchukuzi zilizokuwa zikitakiwa, yakaongezeka kama uyoga baada ya mvua. Yalipokuwa mengi, kila moja lilihitaji kujulikana. Abiria aliyesimama upande wa pili wa barabara ana nukta chache tu za kuamua kama avuke mbio au asubiri lingine. Jina la gari lilipaswa kumpiga machoni. Hapo herufi nene inafaa. Na mlazo unafaa pia, maana jicho letu hulijua umbo la mwanariadha: anayeegemea mbele anakwenda, aliyesimama wima anasubiri. Gari limeegeshwa, halina hata dereva, lakini jina lake linakimbia! Huo ni ufundi, na mwenye kuudharau ana wivu.

(Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Siku ukiwa stegi, lizunguke gari moja pande zote mbili. Upande wa kulia, yaani wa dereva, maneno husomeka kuelekea kwenye taa za mbele, kwa hivyo herufi zilizolalia kulia zinaegemea mbele, zinakimbia na gari. Sasa nenda upande wa kushoto, wenye mlango wa abiria. Huko mbele ya gari ni kushoto kwako, lakini herufi bado zimelalia kulia. Zinaegemea nyuma! Gari linakwenda mbele na jina lake linarudi Kisii. Upande huo ndio ule ambao abiria huuona wakingoja. Mjomba alikuwa akiandika ubavu huo kwa herufi zilizolalia kushoto, na wenye magari wengine walimlaumu kwamba amekosea. Mashine ya kuprinti haijui lolote kuhusu hayo. Inalaza kulia tu.)

Tatizo langu basi si herufi, ni mahali. Na hapa naomba tuangalie majina yetu wenyewe, majina ya Kisii na Nyamira. Hebu yahesabu yale yanayoanza na Nya: Nyamira, Nyamaiya, Nyamache, Nyamarambe, Nyansiongo, Nyanchwa, Nyaribari. Ukiyaandika kwa herufi kubwa, yote yanaanza kwa N, Y, A. Manne ya kwanza yana hata M ya nne. Sasa zitazame herufi hizo kwa makini. N ina mstari wa mshazari. Y ina miwili. A ina miwili. M ina miwili. Ni herufi ambazo tangu kuzaliwa kwake zina mlazo ndani yake. Ukizilaza tena, mguu mmoja wa A unasimama wima na wa pili unalala karibu chini, mkono mmoja wa Y unapotea, na M inaanguka juu ya N. NYAM inakuwa ua wa miti uliosukumwa na ng'ombe. Halafu yako yale ya O na G, Ogembo na Mogonga, ambapo herufi za pembe hufanya O, G, D na Q kuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Si mzaha. Likizo iliyopita nyanya yangu alitoka hospitalini mjini Kisii na mfuko wake wa dawa za presha, akaenda stegi kutafuta gari la Nyamache. Nyanya yangu anajua kusoma. Alijifunza ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru yaliyoenea nchini baada ya kampeni ya kisomo ya mwaka 1979, na mtu akitaka kumsomea kitu humpokonya karatasi. Siku hiyo magari yalikuwa yamebanana bega kwa bega, ubavu hauonekani, makanga wanazozana kuhusu foleni. Akasoma kibao cha plastiki kwenye kioo cha mbele. Kilikuwa kimeprintiwa kwa herufi za matatu, nyekundu juu ya nyeusi. Akaona NYAM, na mbele yake vijiti vilivyoangukiana. Akapanda. Alipoombwa nauli ndipo alipojua kwamba gari linakwenda Nyamira. Nyamache ni Bobasi. Nyamira ni kaunti nyingine kabisa. Alishushwa njiani mvua ikinyesha, akavuka barabara kungoja la kurudi, akafika nyumbani saa tatu usiku tukiwa tumeshapigia simu ukoo mzima. Makanga alimwambia, "Nyanya, si ungesoma?"

Neno hilo lilimuuma kuliko mvua. Maana alikuwa amesoma! Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani alifundishwa herufi zilizosimama wima ubaoni, na huzisoma moja moja, kama anayechambua mchele. Sisi tuliozoea tunalitupia neno jicho tukabahatisha, na tukibahatisha vibaya tunarekebisha bila kujua. Yeye hana hiyo anasa. Yule aliyetengeneza kibao kile hakumfikiria nyanya yangu hata dakika moja. Alitaka tu kibao kiwe "noma".

Na ni ajabu kwamba mlazo wenyewe haukuzaliwa kwa ajili ya kupiga kelele. Mwaka 1501, katika mji wa Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa kitabu cha mashairi ya Virgil kilichochapwa chote kwa herufi za mlazo alizochongewa na fundi wake Francesco Griffo. Jina italiki linatokana na Italia hiyo. Kilikuwa kitabu kidogo cha kushikwa mkononi, na herufi zake ziliiga mwandiko wa kalamu wa wasomi wa wakati ule. Tena sikilizeni: herufi ndogo ndizo zililala. Herufi kubwa waliziacha zimesimama wima! Waanzilishi wenyewe wa mlazo hawakuthubutu kulaza herufi kubwa. Mlazo mnene wa kupaza sauti ulikuja baadaye sana, katika karne ya 19, matangazo ya biashara yalipoanza kushindana kwenye kuta za miji ya Uingereza.

Katika daftari zetu mlazo una kazi ya adabu tu. Mwalimu hutufundisha kwamba jina la kitabu likichapwa huandikwa kwa mlazo, na likiandikwa kwa mkono hupigwa mstari chini yake. Maana yake, mlazo unafanya kazi kwa sababu maneno mengine yote yamesimama. Darasa zima likisimama, mmoja akainama, utamwona. Wakiinama wote?

Sasa tuje kwenye matangi ya maji, maana hapo ndipo damu yangu huchemka. Nje ya bwalo tuna matangi mawili. Moja lina maji yaliyotiwa dawa, ya kunywa. La pili ni ya mvua kutoka kwenye paa, ya kunawa mikono na kuosha sahani. Kwa Kiswahili tutaandika MAJI YA KUNYWA kwenye moja na MAJI YA KUNAWA kwenye la pili. Yatazame maneno hayo. KUNYWA. KUNAWA. Herufi sita kwa sita. Tofauti ni herufi moja tu, Y dhidi ya A, na zimesimama mahali palepale. Katika herufi za matatu, A iliyopokonywa kijiti ni Y iliyopinduliwa. Mwanafunzi mpya anayetoka kucheza, jua la saa tisa linamchoma, kiu imemkaba koo, atasimama hapo kupambanua paa na panda? Atafungua bomba lililo karibu.

Hilo si kosa la Kiswahili, ni tabia yake. Lugha yetu hubeba mzigo mkubwa kwenye herufi chache. Gusa na usiguse. Pita na usipite. Kinachokataza kiko mwanzoni mwa neno, ni herufi mbili tatu, na zikimezwa basi kibao kimeamrisha kinyume. Isitoshe, maneno yetu ni marefu. Mzungu anaweza kuandika neno fupi la herufi tatu kwenye kibao akapata nafasi ya kulilaza atakavyo. Sisi tunaandika HAIRUHUSIWI. Wale wa hisabati tulipiga hesabu katika kipindi cha maandalio: herufi yenye urefu wa sentimita 30, ikilazwa digrii 20, kichwa chake kinasogea karibu sentimita 11 kutoka mahali pa mguu wake. Hizo sentimita 11 zinatoka kwenye kibao. Fundi atafanya nini? Atazibana herufi. Na herufi nene ikibanwa, tumbo lake linajaa rangi, A inakuwa pembetatu, R inakuwa A, na neno linakuwa ukuta.

Watu wa pwani, ambao ndio wenye lugha, wanalijua jambo hili zamani. Kila kanga ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha yakaja ya Kirumi. Zitazame kanga za Mombasa zenye alama ya Mali ya Abdulla, za duka lililoanza mwaka 1887, au kanga yoyote iliyo kabatini kwa mama yako. Maneno yameandikwa kwa herufi kubwa, wima, nyembamba kiasi, zisizo na mapambo. Na hebu fikirini, kanga ni nguo iliyojaa maua, korosho na rangi za kila namna! Aliyeibuni angeshindwa vipi kuyalaza maneno na kuyatia pembe? Aliyaacha wima kwa sababu yana ujumbe, na ujumbe huo pengine unamwendea mke mwenza aliye upande wa pili wa ua. Hapendi usomwe vibaya.

Hata huko Ulaya mambo ni hayo hayo. Uingereza ilipotaka kubadilisha alama zake za barabarani, kazi ilipewa Jock Kinneir na Margaret Calvert, na alama zao zikaanza kutumika nchini kote tarehe 1 Januari 1965. Hao walikuwa wanaandikia watu walio kwenye magari yaendayo kasi, yaani hasa wale ambao wenzangu wanadai wanahitaji herufi za kasi. Walichagua nini? Herufi zilizosimama wima, zenye miviringo iliyo wazi, na zaidi ya hayo waliandika majina ya miji kwa herufi ndogo zinazotanguliwa na kubwa moja, badala ya kubwa tupu. Sababu ni kwamba neno lenye herufi ndogo lina sura. Lina vichwa vinavyochomoza na mikia inayoning'inia, na jicho hulitambua kwa mbali kabla ya kulisoma.

Jaribuni wenyewe. Andikeni "kunywa" na "kunawa" kwa herufi ndogo. Y ina mkia unaoshuka chini ya mstari, a haina. Tofauti inaonekana kutoka kwenye goli la mbali. Andikeni "Nyamira" na "Nyamache". Moja ina nukta ya i juu, nyingine ina h iliyochomoza kichwa. Nyanya yangu angeona h ile akapanda gari lake.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Kuna mwenzangu mmoja, hodari wa kuchora, aliyesema mkutanoni kwamba herufi wima ni za ofisi ya chifu, kwamba shule yetu itaonekana ya kizamani, na kwamba Kiswahili hakitapendwa na vijana kikivaa suti ya babu. Alipigiwa makofi, na kusema kweli hoja yake ya mwisho ina uzito. Kiswahili hapa kwetu kinapambana. Nyumbani tunaongea Ekegusii, darasani Kiingereza, na uwanjani Sheng. Kikipata kibao, tunatamani kipendeze. Lakini ndugu yangu, kupendeza na kulala ni vitu viwili. Herufi wima inaweza kuwa nene, ya manjano juu ya kijani, ikachorwa kwa mkono uliotulia mpaka wageni waulize ni nani aliyeiandika. Kazi ngumu ni hiyo. Kulaza herufi siku hizi ni kubofya mara moja kwenye kompyuta, na kompyuta hailazi kama fundi. Inazisukuma tu ubavuni, mistari mingine ikanenepa na mingine ikakonda.

Upande wa pili wako wale, miongoni mwao walimu ninaowaheshimu sana, waliosema tupige marufuku herufi hizi kabisa, hata kwenye mabango ya tamasha la drama, kwa kuwa zinanuka utukutu wa matatu. Nao siwaungi mkono. Serikali ilishajaribu njia hiyo. Sheria zilizoletwa na Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyavisha matatu mstari wa manjano, zikaleta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na michoro ikafutwa kwa hofu. Mikanda ilikuwa jambo jema. Lakini barabara zilinuna, na mafundi wengi wakakosa unga. Miaka kama kumi baadaye, wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, kamba ililegezwa na vijana wakarudi na rangi zao. Ninachokipenda katika mstari ule wa manjano ni kitu kimoja tu: juu yake njia ya gari huandikwa kwa herufi nyeusi za kawaida, zilizosimama. Jina la gari liruke sarakasi litakavyo, lakini mahali linapokwenda paandikwe kistaarabu. Balaa la nyanya lilitokana na kile kibao cha kioo cha mbele, ambacho kila mwenye gari anakiprinti kwa akili yake.

Basi pendekezo langu kwa chama, na nitalitoa tena kwenye mkutano ujao nikipewa zaidi ya dakika mbili, ni kwamba vibao 12 viandikwe kwa herufi wima, kubwa moja mwanzoni na ndogo zinazofuata. Kwenye matangi neno la mwisho, Kunywa au Kunawa, liwe kubwa mara mbili kuliko mengine, na tangi la kunywa lipakwe mkanda wa buluu kwa ajili ya mwenye haraka. Kwenye swichi ya umeme iandikwe Hatari, na chini yake Usiguse, peke yake, bila jirani.

Kibao cha 13 ni cha uwanjani. Hicho nawaachia wachezaji. Jina la timu yetu likimbie, lipige pembe, lirushe cheche kama linataka. Anayelisoma amekaa kwenye nyasi na ana dakika 90.

Cha 14 ni basi. Jina la shule na namba ya simu, wima, nyuma na mlangoni, ili mwananchi akiliona limekwama Keroka ajue ampigie nani. Lakini ubavuni, lile jina la utani tulilolipa basi letu, hilo liandikwe kwa herufi za matatu, nene, zenye pembe, digrii 20 kamili. Sharti moja tu: upande wa kulia zilalie kulia, na upande wa kushoto zilalie kushoto, ili pande zote mbili ziende mbele. Mashine haitakubali, ila mjomba amekubali kuja Jumamosi yoyote tutakayompangia, kwa chai na nauli. Kigongo chake cha mlazo bado anacho. Ningeomba tuanze na matangi, kabla wanafunzi wapya hawajaripoti.